Nani Atang'oa Kwanza

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kutoka bondeni chini ya Birongo, Orpah hupiga magoti penye mwamba na kuinamisha sikio. Mgeni akipita humdhania anasali. Sala yeye huwa amezimaliza nyumbani. Hapa amekuja kusikia maji. Mwamba huo watu huuita Egetare, na una ufa mwembamba kama mdomo wa mtu aliyelala. Katika ufa huo ndimo chemchemi hutoka. Zamani ilitoka kwa sauti. Mwaka ninaousimulia ilitoka kwa kunong'ona, na ilipofika Januari ilinong'ona kwa vituo, kama mgonjwa anayesahau neno katikati ya sentensi.

Orpah ni dada mdogo wa mama yangu, nami humwita mama mdogo. Ni mjane wa makamo, mfupi, mwenye viganja vilivyojaa madoa ya utomvu. Kazi yake ni kuotesha miche. Kitalu chake kiko upande wa chini wa mwamba, kimefunikwa kwa wavu mweusi na majani ya mgomba, na ndani yake kuna miche ya chai, ya migomba na ya parachichi. Hukata jicho la mparachichi mzuri akalifunga kwenye mche wa kienyeji kwa utepe wa plastiki, kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto kidonda. Wakulima huja kuichukua kutoka Keumbu na hata Nyamarambe. Lakini mche mchanga haujui kusubiri mvua. Ukikosa maji wakati wa jua kali huinama, na ukiinama mara ya pili hauinuki tena. Chemchemi ikifa, kitalu kinakufa, na hakuna kazi nyingine ambayo Orpah anaipenda hivyo.

Kilichokuwa kikiiua chemchemi kilijulikana na kila mtu, kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko kitu chochote bondeni. Ilikuwa mikaratusi. Mashamba matatu yanakutana penye mwamba ule, na kila moja lilikuwa na kijisitu chake cha miti hiyo. Upande mmoja ni wa Orpah. Upande wa pili ni wa Masese, binamu wa marehemu mume wake, mzee wa kanisa la Waadventista, mwenye majani chai mazuri na maneno mengi. Upande wa tatu ni wa Machogu, Mkatoliki mkimya mwenye ng'ombe wa maziwa, ambaye akisema jambo moja kwa siku huwa amesema sana.

Miti hiyo ilipopandwa, kila mtu aliiona kuwa ni akili. Hukua upesi, hutoa nguzo, mbao na kuni, na hunyonya matope ya bondeni mpaka mtu akapita bila kuvua viatu. Hakuna aliyejiuliza miti ile ingeacha lini kunyonya. Miche yenyewe aliiotesha Orpah, akiwa bibi arusi mpya hapo nyumbani, na Masese hakumwacha ausahau ukweli huo.

"Wewe ndiye mama yao," angemwambia akipita na kikapu cha chai mgongoni. "Sasa unataka tuwachinje watoto wako?"

"Watoto gani hao wanaokunywa na kumwacha mama yao na kiu, shemeji?"

"Ndio watoto wa siku hizi."

Orpah alicheka, lakini jambo halikuwa mzaha kwake. Mikaratusi ya upande wake aliipanda Makori, mume wake, akasema itakuwa paa la nyumba yao ya matofali. Makori alikufa kabla ya matofali. Miti ikaendelea kukua bila yeye, myeupe na laini, ikiangusha magome marefu kama nguo zilizoanikwa. Upepo ukivuma ilitoa harufu ya dawa ya kifua. Kuikata ilikuwa kama kuishusha nyumba ambayo haijajengwa.

Chifu alikuwa amezungumzia miti hiyo katika baraza. Alisema haifai karibu na maji, iondolewe. Watu wote walipiga makofi, Masese akiwa wa kwanza. Kisha wote walirudi nyumbani, na hakuna hata mti mmoja uliokatwa.

Wakati huo nilikuwa nimehitimu chuo kikuu, katika somo la uchumi, na nilikuwa nikingoja kazi. Nilikaa kwa mama mdogo nikimwagilia miche, na kwa kuwa nilikuwa na bidii ya kijana aliyetoka darasani, nilitaka kueleza kila nilichokiona. Chuoni nilikuwa nimelipenda somo moja kuliko yote: nadharia ya michezo. Jina lake humfanya mtu afikirie mpira au bao. Kwa kweli ni elimu ya kufanya uamuzi pale ambapo matokeo yako hayategemei wewe peke yako, bali yanategemea pia uamuzi wa mwingine, naye anakufikiria wewe kama unavyomfikiria yeye. Anayechagua mbegu ya kupanda anacheza na mvua, na mvua haimfikirii mtu. Anayeamua kukata mti ambao jirani anautazama, huyo yumo mchezoni.

Mchana mmoja, jua likichujwa na wavu wa kitalu mpaka likawa la kijani, nilitandika majani manne ya mgomba chini na kuchukua kokwa za parachichi zilizokuwa zikingoja kuoteshwa.

"Fikiria mko wawili tu," nilisema. "Wewe na shemeji Masese. Jani hili, nyote mmeng'oa. Maji yanarudi, miti hakuna." Niliweka kokwa kubwa kwa kila mmoja. "Hili, hakuna aliyeng'oa. Miti ipo, maji yanakufa." Nikaweka kokwa ndogo. "Hili la tatu, wewe umeng'oa, yeye amebakisha."

"Mimi sina mti na sina maji," alisema Orpah.

"Huna kitu. Naye ana miti yote, nayo inakunywa maji uliyoyaachia." Kwa Masese niliweka kokwa kubwa mbili, kwake sikuweka hata moja. "Na jani la nne ni kinyume chake."

Aliyatazama majani yale kwa muda. Nyuki mmoja alitua kwenye kokwa na kuondoka.

"Kwa hiyo shemeji akikaa kwake," alisema polepole, "anajiambia: Orpah aking'oa, heri nibakishe. Orpah akibakisha, heri nibakishe pia."

"Ndiyo. Lolote utakalofanya wewe, kwake kubakisha ni bora. Nawe kwako ni vivyo hivyo. Kila mmoja anachagua kwa akili, kisha wote mnaishia hapa." Niliigusa ile kokwa ndogo. "Huitwa mtego, lakini hakuna aliyeutega."

"Na kitabu chenu kinasema mtu anatokaje?"

"Kinasema inategemea."

"Hata mimi ningeandika hivyo," alisema, akazichukua kokwa zake kwenda kuziotesha.

Kiangazi kilizidi kuwa kikali, na hatimaye wale watatu walikubali kukutana penye mwamba. Mwenye msumeno wa injini alipatikana mwisho wa wiki tu, kwa maana siku nyingine alikuwa Keumbu akipasua mbao. Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo nadhani lingezuka huku kwetu tu. Jumamosi Masese na Orpah hawashiki kazi, ni Sabato. Jumapili Machogu hashiki, ni misa. Kwa hiyo hapakuwa na siku ambayo miti ya wote ingeanguka pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake.

"Nikikata Jumamosi mkiwa kanisani mnaimba," alisema Machogu, "nitajuaje kwamba Jumapili mtakata?"

"Utaona ukitoka misa," Masese alimjibu.

"Nikitoka misa miti yangu itakuwa imeshalala. Mimi nataka kuona kabla."

"Basi tutaanza sisi Jumapili. Wewe utakata Jumamosi inayofuata."

"Sawa."

"Ngoja kidogo. Wiki nzima nikae nikingoja moyo wako ubadilike? Shetani hahitaji wiki, Machogu. Anahitaji chai ya saa nne tu."

"Shetani wa nani, wangu au wako?"

"Yule anayekaa katikati ya Jumapili na Jumamosi."

Hata Machogu alitabasamu. Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya jiwe nikiwasikiliza, niliona jinsi neno dogo kama 'kwanza' lilivyo zito. Atakayeanza amejikabidhi. Atakayefuata anaona kila kitu kabla ya kuchagua. Mwishowe Masese, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na watu walikuwa wakisikiliza, alisema ataanza yeye.

Jumapili msumeno ulilia bondeni tangu asubuhi. Ukungu ulichanganyika na moshi wake, na miti ya Masese ililala mmoja baada ya mwingine kwa mvumo mrefu, kama watu wanaopumua usingizini. Orpah alikuwa amesimama penye mpaka, akingoja zamu yake. Kisha alitembea katikati ya magogo, akaangalia visiki. Vyote vilikuwa vimeachwa virefu, usawa wa kiuno. Alimshukuru mwenye msumeno kwa adabu na kumwambia aende zake.

"Mbona?" nilimuuliza.

"Mkaratusi ukiukata hivi, umeunyoa nywele," alisema. "Usipong'oa kisiki, zitaota tena."

Machogu naye alielewa. Jumamosi yake alikata vijiti vya pembeni, vile vyembamba ambavyo angevikata hata bila mkutano. Mvua ya masika iliponyesha, kila kisiki cha Masese kilitoa machipukizi mengi yenye majani ya rangi ya fedha, yakikua kwa furaha. Mizizi ya wakubwa ikawa inanywesha watoto. Somo langu lina maneno ya jambo hili pia: ahadi isiyomgharimu aliyeitoa haimfungi. Masese alikuwa amepeleka mbao zake sokoni na miti yake akabaki nayo.

Mvua ilipopungua, Egetare ilirudi kwenye kunong'ona. Orpah akaanza kuota. Aliniambia ndoto hizo asubuhi, tukiwa tunajaza udongo kwenye mifuko ya miche. Alikuwa anatembea chini ya ardhi, alisema, mahali penye mwanga hafifu kama ndani ya yai. Juu yake mizizi ilining'inia kama nyuzi, na kila uzi ulikuwa na tone moja kwenye ncha. Alikuwa akiuliza matone, mnaenda wapi, nayo yanamjibu kwa heshima, tunapanda juu, mama, tumeitwa. Hakuwa na hasira na mizizi ile. Ilikuwa inafanya kile alichoifundisha.

"Yale majani yako manne," aliniambia siku moja baada ya ndoto. "Yanasema kana kwamba tutachagua mara moja, kisha tuhame."

"Ndiyo. Mchezo wa mara moja. Ukirudiwa mambo hubadilika, kwa sababu leo yako inaweza kujibiwa kesho." Nilisikia sauti yangu ikipanda kwa furaha, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali alilolisoma. "Na kuna njia nyingine. Jambo kubwa likikatwa vipande vidogo, hakuna anayehatarisha kila kitu kwa mara moja. Unatoa kidogo, unangoja, unaona."

"Kisiki kwa kisiki."

"Kisiki kwa kisiki, mama mdogo. Lakini bado lazima mmoja aanze."

Alijipangusa udongo mikononi. Jumatano hiyo alimwita mtu mwenye shoka, akaangusha mti mmoja wa Makori, ule ulionyooka kuliko yote. Kisha tulichimba. Kung'oa kisiki cha mkaratusi si kazi ya wimbo mmoja. Mizizi inashika chini kama mtu anayekataa kuamshwa, na sururu inarudi na maji mekundu. Tulipomaliza, shimo lilitutosha sote wawili. Orpah alijaza samadi na udongo humo, akapanda nduma, kwa sababu nduma hupenda unyevu na haipandwi na mtu anayefikiria kurudisha mkaratusi.

Masese alisimama juu ya mteremko, kikapu mgongoni.

"Mama Ashley," aliita, kwa jina la mtoto wa kwanza wa Orpah, "unamchimbia nani kaburi?"

"Kiu, shemeji."

"Na hii mingine iliyosimama?"

"Inakutazama wewe. Siku nitakayoona shimo kwako, nitachimba la pili kwangu."

"Nisipochimba?"

"Basi nitakuwa nimepoteza mti mmoja na kupata nduma. Nitakuletea zikiiva."

Alipandisha kikapu mgongoni, akaenda zake. Siku zilipita. Nilishuka bondeni kila jioni kuangalia, nikaona machipukizi tu yakicheza. Orpah alipunguza miche, akawapa watu ile ambayo asingeweza kuinywesha. Mti aliouangusha ulilala kwenye nyasi, umeanza kugeuka rangi. Nilijuta kwamba nilikuwa nimemtia moyo. Elimu yangu ilikuwa imesema kwamba anayeanza anaweza kubaki peke yake, na sikuwa nimelisema hilo kwa sauti ya kutosha.

Aliyekuja kwanza hakuwa Masese. Asubuhi moja tulikuta shimo upande wa Machogu. Kisiki kilikuwa kimelazwa kando, mizizi juu, na Machogu mwenyewe amekaa juu yake akinywa uji kwenye kikombe cha bati.

"Mti mmoja si kitu," alisema. "Miti yote ndiyo niliyoiogopa."

Orpah aliteremka na jembe lake siku hiyohiyo. Kufikia wiki iliyofuata mashimo ya nduma yalikuwa yakionekana pande mbili, na upande wa tatu ulianza kuzungumziwa katika foleni ya kituo cha kununulia chai. Sijui ni nini kilimwamsha Masese, maneno ya watu au mashimo. Alikuja na sururu begani akilalamika kwamba tumeanza bila kumwita.

Hapo Orpah aliongeza sharti. Huku kwetu akina mama wana egesangio, kundi la kulimiana kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Alisema visiki navyo ving'olewe hivyo, na mtu asichimbe kwake. Vya Masese vichimbwe na Orpah na Machogu, vya Machogu vichimbwe na wengine wawili, kwa zamu. Mtu akichimba mti wa jirani haachi mzizi.

"Na Sabato yangu na Jumapili yake?" Masese aliuliza.

"Kisiki hakihitaji msumeno. Tutachimba Jumatatu, baada ya chai."

Basi kazi ikaenda. Bonde lilibadilika polepole, kama mtu anayevua nguo nzito. Mwanga ulianza kufika mahali ambapo mimi tangu utoto sikuwahi kuuona, na ndege wadogo wa manjano walikuja kutafuta wadudu kwenye udongo uliogeuzwa. Kuna wakati tuliinua vichwa wote kwa pamoja, bila sababu, tukatazamana, na tukarudi kuchimba.

Mara moja iliharibika. Zamu ya Masese ilipofika alisema shimo lake la wiki hiyo amelimaliza mwenyewe, tusijisumbue. Machogu alipiga udongo ule kwa kisigino, akakuta kisiki kimefunikwa tu. Orpah hakugombana. Alilaza jembe lake begani, akapanda kwenda nyumbani, na Jumatatu iliyofuata hakushuka. Machogu naye hakushuka. Kiangazi kilikuwa kimekwisha kuingia, miche ilikuwa inainama, nami nilimsihi aende.

"Nikienda leo," alisema akinyunyizia mche mmoja mmoja kwa kikombe, "atajua kwamba kufunika kunatosha."

"Na miche?"

Alikuwa akiigusa miche kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu watoto waliolala. Ile iliyokuwa imeinama mara ya pili aliing'oa mwenyewe, akairudisha kwenye lundo la mboji.

Masese alikuja Alhamisi, mikono imejaa udongo mwekundu hadi kwenye viwiko.

"Bwakire, Mama Ashley," alisalimu. "Kile kisiki kimetoka."

"Chote?"

"Njoo uhesabu vidole vyake."

Alikwenda akaona, na Jumatatu majembe matatu yalishuka tena.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine ambayo niliificha kwa muda. Michezo inayorudiwa ina ugonjwa mmoja: ikijulikana mwisho wake ni lini, huoza kuanzia mwisho. Yule mwenye mti wa mwisho hana wa kumjibu kesho, kwa sababu kesho haipo. Na kwa jinsi zamu zilivyokwenda, mti wa mwisho ulikuwa wa Masese. Ulikuwa mkubwa, ambao msumeno haukuugusa Jumapili ile, mita chache chini ya mwamba. Orpah alikuwa amemaliza yake. Machogu alikuwa amemaliza yake. Jumatatu hiyo Masese aliuegemea, mkono mmoja mfukoni.

"Huu naomba mniachie," alisema. "Ni wa jeneza langu."

"Jeneza lako linataka mti mzima?" Machogu aliuliza.

"Mimi si mtu mdogo."

"Nilikwambia," Machogu alimgeukia Orpah, uso umekaza. "Yeye anabaki na mti, sisi tunabaki na mashimo. Kesho narudisha wangu. Miche unayo?"

Nilimvuta mama mdogo kando na kumwambia nilichokuwa nimekihofia, haraka haraka, maneno yakigongana: kwamba hapa hakuna tena kisiki cha kumnyima, kwamba mchezo umefika ukingoni na kitabu hakina faraja. Alinisikiliza hadi mwisho. Alitazama juu mteremkoni, ambako chai ya Masese ilikuwa imejaa magugu kwa sababu Jumatatu zake zote zilikuwa zimepotelea bondeni. Kisha akarudi kwao.

"Visiki vimekwisha," alisema. "Egesangio haijaisha. Wiki ijayo tunaanza palizi. Machogu, majani ya ng'ombe wako pia yatakatwa kwa zamu. Tutalimiana mpaka nani atuambie tuache?"

"Mpaka tuzeeke," alisema Machogu, bado amekunja uso.

"Mmeshazeeka. Shemeji, chai yako imekuwa msitu. Nilitaka tuanze na wewe." Aliugusa mti ule kwa kiganja. "Lakini kundi la watu watatu halichimbi kwa wawili na nusu; mti huu ukisimama, na palizi hakuna. Jeneza nitakupa mimi. Paa la Makori limelala pale nyasini, chagua gogo."

Masese aliyatazama magogo ya Orpah, meupe kwenye jua, na macho yake yalikaa pale kwa muda mrefu. Sikuwa na uhakika kama anapima jeneza au anamkumbuka binamu yake.

"Gogo la Makori silitaki," alisema mwishowe. "Leteni shoka."

Mti uliangushwa Jumatatu hiyohiyo, na kisiki kilichukua siku mbili. Kilipong'oka, kilitoa sauti ya kunyonya, kama mguu unaotoka kwenye matope, na chini ya shimo udongo ulikuwa mweusi na unang'aa. Tulienda nyumbani kupumzika. Asubuhi tulipowasili, shimo lilikuwa limejaa maji. Yalikuwa yametulia, yana kipande cha anga ndani yake, na kwenye ukingo mmoja yalitetemeka kidogo, mahali yalipokuwa yakiingia kutoka chini.

Orpah alipanda hadi kwenye mwamba, akaweka kiganja kwenye ufa. Aliporudi, kiganja kilikuwa kikavu.

Maji yalikuwa yamehama. Yalikuwa yamechagua njia fupi, ilhali jiwe lilikuwa limewazoesha watu ile ndefu. Na njia fupi ilikuwa ndani ya mpaka wa Masese.

Machogu ndiye aliyelisema. "Sasa chemchemi ni yake."

Niliuona mchezo mpya ukijipanga wenyewe penye ukingo wa shimo, na katika mchezo huo mtu mmoja ana kila kitu. Angeweza kuweka uzio. Angeweza kuchimba mfereji kuelekea kwake. Orpah alisimama na keni yake ya kumwagilia ikining'inia mkononi, tupu, wala hakumtazama Masese, labda ili asimlazimishe.

Masese alichuchumaa. Alitia kidole majini, akakitoa, akakitazama. Kisha aliinuka, akaenda kwenye migomba yake, na tukasikia panga likigonga. Alirudi akiburuta shina la mgomba lililokuwa limekwisha kuzaa. Alilipasua katikati kwa urefu, akaung'oa moyo wake hadi likawa mfereji mweupe wenye utelezi, akalilaza kutoka kwenye ukingo wa shimo kuteremka kwenye nduma za Orpah. Lilikuwa fupi. Alienda akaleta jingine.

"Kitalu chako kinaanzia wapi hasa?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Pale penye wavu."

"Basi mashina matatu." Alilegeza jiwe kwa kisigino, akaliegemeza kwenye mfereji. "Na hiyo palizi inaanza kwangu Jumatatu. Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

"Mje mapema. Msije na majembe ya watoto."

Machogu alikwenda kukata shina la tatu bila kuombwa. Maji yalipofunguliwa yalikuja mekundu, yakibeba vipande vya mizizi na magome, yakatiririka juu ya nduma na kupotea kwenye nyasi. Orpah aliyaacha yapite. Alisubiri mpaka yakawa meupe, ndipo akainama na kutega keni.